Nane Zilizosomeka Nne

Ilisema nne. Nikaufunga ule ukurasa mdogo unaoeleza habari za kompyuta, nikaufungua tena, ikasema nne. Nikaizima laptop, nikaenda jikoni nikanywa maji, nikarudi nikaiwasha. Nne. Asubuhi ile nilikuwa nimenunua memori ya kuifanya iwe na jibii nane, yaani gigabaiti, nikaipeleka kwa fundi akaiweka, na sasa mashine niliyoifuta vumbi kila siku kwa mikono yangu inanitazama usoni na kunidanganya. Tena chini yake iliandika kwamba kati ya hizo nne, ninazoweza kutumia ni tatu nukta tisa. Hata hiyo nne yenyewe haikutimia!

Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Jirani wa mlango wa pili aligonga ukuta kuuliza kama kuna nyoka.

Kazi yangu ni kutengeneza video za harusi. Sipigi picha mimi. Wapo vijana wa kupiga, na wao wanajua kusimama mbele ya padri au shehe bila kuona haya. Wakimaliza wananiletea masaa tisa, kumi ya kila kitu kilichopita mbele ya kamera, nami ninakaa nayo nyumbani kwangu Gatina, Kawangware, ninamwondoa mjomba anayesinzia na shangazi anayeficha nyama kwenye mkoba, ninaunganisha, ninatia nyimbo, mpaka harusi inafanana na ile ambayo familia inadhani ilikuwa nayo. Kazi hiyo hula memori kama jiko bovu linavyokula makaa. Zamani jibii nne zilinitosha. Siku hizi kamera zao zinaleta picha kubwa kubwa, na laptop yangu ilikuwa inaganda kila baada ya dakika tano, bibi harusi mguu mmoja hewani, na mimi nikimsubiri aushushe.

Harusi iliyokuwa mezani wiki ile ilikuwa ya binti wa Hajati. Hajati ni mama wa Kinubi wa kule Makina, upande wa Kibera ulio karibu na Soko la Toi. Ana mlolongo wa vyumba vya biashara alivyoachiwa na baba yake, na mbele yake veranda ndefu ambayo amewapa watu nafasi za meza: fundi wa cherehani, mama wa omena, mwuza vifuniko vya simu, na fundi wa kompyuta. Akikaa kwenye kiti chake cha plastiki mwanzo wa veranda, hapiti mtu bila kusalimia. Binti yake alikuwa ameolewa Jumamosi iliyotangulia, wanawake wakicheza doluka, ngoma ya Kinubi, mpaka mtaa mzima ukatoka nje, na Jumapili iliyokuwa inakuja angesafiri kwenda kwa wakwe zake mbali. Video ilitakiwa iwe mkononi mwake Jumamosi.

Na Hajati ana sheria moja. Mtu yeyote aliyepewa meza pale akisemwa kwamba amechukua kitu cha mteja, meza inatoka. Hangoji polisi, hangoji wazee, haangalii umekaa miaka mingapi. Husema kwamba jina lililo kwenye veranda ile ni la baba yake, naye marehemu hawezi kuamka kujitetea. Kabla ya huyu fundi wa sasa kulikuwa na mwingine, wa simu, aliondolewa kwa ajili ya betri. Huyu wa sasa, mwanaume wa miaka thelathini na kitu anayeishi Kisumu Ndogo, huko huko Kibera, na mkewe na watoto wawili, amekaa na ile meza miaka sita, na hana mahali pengine. Wateja wake wote wanamjua kwa meza ile. Mimi nilikuwa mmoja wao, na sheria niliijua vizuri.

Sasa nieleze kosa, maana nisipolieleza mtadhani nilirogwa.

Mama yangu, Mungu amlaze pema, alitia alama kila kitu alichokuwa nacho. Sufuria zake zote zilikuwa na doa jekundu la rangi ya kucha kwenye kitako, thamosi kwenye mkono, hata jembe kwenye mpini. Kukiwa na matanga, sufuria za majirani wote hukusanywa kupikia waombolezaji, na siku ya kuzirudisha ndipo wanawake wazima huvuana vilemba. Mama hakugombana na mtu. Aliipindua sufuria, akaonyesha doa, akaenda nayo nyumbani. Alinifundisha na namna yake: unapaka doa nono, kisha unaisimamisha sufuria ikauke taratibu, usilipulizie. Mimi ni mwanawe. Beseni zangu za Gatina zina doa, ndoo ina doa, kamba ya kuanikia nguo ina doa kila mwisho. Hakuna aliyewahi kunipotezea kitu.

Kwa hiyo Jumatano ile, nilipotoka kununua kile kibao chembamba cha memori, cha jibii nne za kuongezea zile za zamani, ambacho mafundi hukiita ram, nilifanya kile ambacho ningefanyia kitu chochote kinachokwenda kwa mkono wa mtu mwingine. Nilikinunua hapa hapa Kawangware, kwa mama mmoja mwenye duka chini ya nyumba ya familia yao, mtu wa makini, miwani kwenye ncha ya pua. Alikijaribu kwenye mashine yake mbele yangu, kikasoma bila shida. Nikaenda nacho nyumbani, nikachukua rangi ya kucha ile ile niliyokuwa nimepaka vidoleni, nikakitia doa nono juu ukingoni, nikakisimamisha kando ya kikombe kikauke. Nikavaa viatu. Nilijipongeza, na siyo kidogo.

Fundi alikuwa na kazi ya mtu mkononi nilipofika Makina, lakini aliiweka kando.

"Sasa, madam. Leo umeniletea nini?"

"Ram. Niwekee haraka, Hajati ananingoja ndani tuangalie picha."

Aliifungua laptop, akakitoa kibao changu kwenye bahasha. Aliona lile doa akatabasamu. "Hii nayo imeenda saluni?"

"Ni alama. Weka."

"Wacha nisugue meno kwanza." Alikuwa ameshachukua kifutio, kile cha penseli cha watoto wa shule. Yale meno ni vile vipande vya rangi ya dhahabu vilivyopangwa chini ya kibao, ndivyo vinavyoshikana na mashine.

"Kusugua nini? Ni mpya!"

"Hata mpya mimi husugua, madam. Ndiyo kawaida yangu."

"Usinikwaruzie kitu changu. Weka tu hivyo hivyo, ingiza, funga."

Alinitazama, akatazama kifutio, akakirudisha mfukoni. "Sawa. Ni yako," akasema, akaingiza, nami nikaingia ndani kwa Hajati kunywa chai na kuambiwa ni wageni gani wasionekane kwenye video. Nilipotoka laptop ilikuwa imefungwa na inawaka. Alitaka tuangalie pamoja inasoma ngapi. Nikamwambia nina haraka, nitaangalia nyumbani.

Nikaangalia nyumbani. Ikasema nne.

Nilimpigia simu pale pale.

"Inasoma nne," nikamwambia.

"Nne kamili ama tatu pointi kitu?"

"Tatu nukta tisa! Hata hiyo moja ya kumi imeliwa?"

Akacheka, na hapo ndipo alipokosea, kama unaweza kuita kosa. "Hapana, madam. Hiyo ni ya picha. Screen lazima ijikatie kidogo, ni kama broker wa nyumba, hawezi kukuonyesha bure."

"Na zile nne zingine? Nazo ni broker?"

Akaanza kueleza. Akasema kuna mashine zenye mfumo wa zamani, hata uzipatie memori kiasi gani haziwezi kuhesabu kupita nne, lakini yangu si ya namna hiyo, alishaangalia. Akasema kuna zingine ambazo bodi yake yenyewe ina kipimo, ukizidisha haioni, lakini yangu inabeba hata kumi na sita. Inaweza kuwa kuna mtu aliwahi kuingia kwenye settings akaiwekea limit. Inaweza kuwa ile sloti ya pili imelegea. Inaweza kuwa kibao hakijakaa sawa, ama meno ni machafu. Inaweza, inaweza, inaweza. Ni kama nilimwuliza mtu mbuzi wangu yuko wapi, naye akanieleza aina za majani ambazo mbuzi hupenda.

"Ilete tu nifungue," akasema. "Dakika kumi."

Nikakata simu. Nilikaa kitandani na laptop mapajani, na hapo akili yangu, ambayo ingekuwa na faida sana kama ingenisaidia asubuhi, ikaamka. Kibao kipya nilikitia alama. Kile cha zamani, kilichokuwa ndani tangu niinunue laptop, sikukitia. Fundi ameona doa, ameogopa kukigusa kipya, amechomoa cha zamani. Nane ukitoa nne ni nne. Hesabu ilikubali bila baki, na mimi nikiona hesabu imekubali huwa siulizi swali lingine.

Ninajua mtaniuliza kwa nini sikupanda boda nikaenda akaifungue. Gatina na Makina si Nairobi na Mombasa. Jibu ni kwamba nilishakuwa na hasira, na mtu mwenye hasira anaona njia ya kwenda kujua ukweli ni ndefu sana. Nilijiambia pia kwamba nina kazi. Alhamisi nzima nilipambana na video kwa jibii nne. Mashine iliganda mara kumi na moja nikihesabu, kisha nikaacha kuhesabu. Iliganda Hajati akimwagiwa manukato. Iliganda kaka mkubwa akiwa amefumba macho amefungua mdomo, na nilimwangalia kaka huyo robo saa nzima nikimlaani fundi.

Simu ikalia. Ilikuwa Hajati.

Hajati ana sikio moja zito, kwa hiyo simu zake zote huziweka loudspeaker na kuzishika mbele yake kama anayeshika sahani. Anapopiga akiwa verandani, veranda yote inapiga. Nilijua iko loudspeaker. Ninaliandika hili makusudi, kwa sababu kwa siku kadhaa nilijidanganya kwamba sikujua. Nyuma ya sauti yake nilikuwa nasikia cherehani ikienda.

"Mama wa video, video iko wapi?"

"Iko njiani, Hajati."

"Njia gani hiyo isiyofika? Mtoto anaondoka Jumapili. Wakwe watasema tulimwoza gizani?"

Ningeweza kusema mashine inasumbua, ambayo ilikuwa kweli. Ningeweza kusema nimechelewa kuanza, ambayo ilikuwa kweli zaidi, kwa maana Jumatatu na Jumanne zote mbili nilizimaliza kwenye harusi ya mtu mwingine. Lakini ulimi hauna mfupa. Nikasema:

"Muulize huyo fundi wako hapo verandani. Nilimpelekea mashine ina ram mbili, amenirudishia moja. Amenila, Hajati. Ndiyo maana kazi haisongi."

Cherehani ilinyamaza. Nikasikia sauti ya fundi kutoka mbali, haikupandishwa, "Madam, si kweli." Kisha Hajati akasema, "Nimesikia," na simu ikakatika.

Sitasema nilijisikia vibaya. Nilijisikia vizuri. Nilikuwa nimepata mtu wa kubeba uchelewaji wangu, na alikuwa mbali, na sikuhitaji kumwona uso.

Ijumaa asubuhi niliona kwamba kwa jibii nne video haitaisha hata nikikesha na maombi. Nikabeba laptop mpaka kwa yule mama mwenye duka, nikamwambia fundi wa Kibera ameniibia kibao cha zamani, kwa hiyo aniuzie kingine. Alivuta miwani, akageuza laptop, akafungua skrubu moja moja akizipanga kwenye kifuniko cha chupa. Akainua kifuniko.

"Ziko mbili," akasema.

"Mbili nini?"

"Ram. Moja." Akagusa kwa ncha ya bisibisi. "Mbili. Hesabu wewe mwenyewe."

Nilihesabu. Kuhesabu vitu viwili kulinichukua muda mrefu.

"Basi amenibadilishia. Ameweka mbovu."

"Hii ya chini ni ile ya zamani iliyokuja na mashine, ona karatasi yake ilivyochakaa. Hii ya juu ndiyo niliyokuuzia juzi." Alikichomoa, akakigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, akakisogeza karibu na miwani. Kisha akanitazama. "Nani amepaka hii rangi?"

"Mimi. Ni alama."

"Alama iko hapa juu. Na hii huku chini?"

Nililiona. Lile doa langu nono la ukingoni lilikuwa limeteremka upande wa nyuma, mstari mwekundu mwembamba, likafika kwenye meno na kukauka juu yake. Meno manne matano yalikuwa yamefunikwa, yanang'aa vizuri kabisa. Nilikisimamisha kikauke, kama nilivyofundishwa. Sufuria haina meno. Rangi ikichuruzika kwenye sufuria haimdhuru mtu.

"Hapo mashine haiwezi kuiona," akasema yule mama. "Iko ndani lakini haishikani na kitu." Akautazama mkono wangu uliokuwa juu ya kaunta. Kucha tano, rangi ile ile. Hakuniuliza tena ni nani.

Akachukua pamba na spiriti, akafuta taratibu, kisha akatoa kifutio cha penseli kwenye droo akasugua meno yote, pande mbili. Kifutio! Nilitaka ardhi ya Gatina ifunguke. Akarudisha kibao, akabana, akawasha. Tukasubiri. Ikasema nane.

"Nane," akasema. "Zinazotumika, saba nukta tisa. Hiyo kidogo ni ya screen."

"Najua," nikasema. "Ni broker."

Alinirudishia laptop akasema, kwa wema wake, "Shida imeisha, mama. Hakuna mtu atajua, ni mimi na wewe tu."

Nilitoka nikasimama kando ya barabara, bodaboda zikinipita, na ninakiri kwamba sentensi hiyo niliipenda sana. Nilikuwa na nane. Nilikuwa na siku moja na nusu, na kwa nane siku moja inatosha. Nikaanza kutunga. Ningempigia Hajati nimwambie kwamba fundi amekirudisha kile kibao kimya kimya, nami nimemsamehe, tafadhali naye amsamehe, tuyaache. Meza ingebaki, video ingefika, na juu yake mimi ningeonekana mtu mwenye moyo. Nilifika mahali pa kuchagua maneno. Nilikuwa nimeshaamua kutumia neno "ubinadamu".

Simu ikaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa Hajati. Nikaubonyeza. "Mama wa video, nimemwambia watu wakitoka kuswali Ijumaa, meza isiwe hapa. Anaapa hajachukua. Wote huapa. Wewe leta video." Na nyuma ya sauti yake nilisikia vyuma vikitiwa ndani ya mkebe, kimoja kimoja, bila haraka. Bisibisi zina mlio wake. Nimekaa mbele ya meza ile miaka sita, ninaujua.

Nilisimamisha boda.

Nilipofika, watu walikuwa wanarudi kutoka msikitini. Meza ilikuwa imepinduliwa juu ya mkokoteni, miguu juu, imefungwa kwa mpira. Fundi alikuwa ameinama akikunja waya za chaja, moja ndani ya nyingine. Hajati alikuwa kwenye kiti chake. Fundi wa cherehani alikuwa anashona huku haangalii anachoshona. Nilimwendea fundi, nikasimama karibu, nikateremsha sauti.

"Zilikuwa mbili," nikamwambia. "Ni mimi. Rangi yangu iliingia kwenye meno. Imesafishwa, sasa inasoma nane."

Alinyanyuka. Na jambo la kwanza alilofanya, hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo, alifurahi. Uso wake ulifunguka wote, furaha ya fundi aliyepata jibu. "Ilikuwa meno?"

"Meno."

"Si nilikuambia nisugue!" Kisha akakumbuka, na uso ukajifunga.

"Nisamehe," nikasema. "Wacha nimwite Hajati kando, nimweleze taratibu."

"Kando?" Naye aliteremsha sauti, kuliko yangu. "Madam, jana hukuniita kando. Uliniita mwizi kwa loudspeaker, wa cherehani akisikia, mama wa omena akisikia, wateja wangu wawili wakiwa wamekaa hapa. Mmoja alichukua simu yake akaenda na sijaimaliza. Ukisema kando, mimi nitabaki ule mwizi aliyesamehewa. Sema vile ulisema."

Nilimjibu kwamba sijui kama ninaweza. Akasema, "Jana uliweza."

Basi nikasimama katikati ya veranda. Nina sauti, jirani yangu wa mlango wa pili ni shahidi. Nikasema kwamba huyu fundi hakuchukua kitu changu. Kwamba memori zote mbili zilikuwa ndani. Kwamba mimi ndiye niliyepaka rangi ya kucha nisiibiwe, rangi ikaziba meno, na fundi alipotaka kusugua nilimkataza. Kwamba nilimsingizia.

Hajati aliinua mkono nyuma ya sikio lake zito. "Sema tena."

Nikasema tena. Mwuza vifuniko vya simu alikuja karibu apate kusikia vizuri.

"Na kuchelewa kwa video?"

"Kuchelewa ni kwangu, Hajati. Nilichelewa kuanza."

"Leta huo mkono."

Nikampa. Akazitazama kucha zangu moja moja, kama anayetafuta chawa kwenye kichwa cha mtoto. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Chako kiko kuchani." Watu wakacheka, mimi peke yangu sikucheka. Kisha akamgeukia mwenye mkokoteni akamwambia arudishe meza mahali pake, tena ukutani, isikae kwenye mvua. Kwa fundi hakusema neno. Labda na yeye alikuwa na lake la kusema kwa sauti, lakini hakuna aliyethubutu kumdai.

Video niliifikisha Jumamosi jioni. Haikuganda hata mara moja. Bibi harusi aliushusha mguu wake chini, akacheza, akazunguka, na Hajati akalia alipojiona anamwagiwa manukato.

Sikuhama fundi. Ningekwenda kwa nani? Lakini mara ya kwanza nilipomrudia, kwa ajili ya betri, alifungua daftari la shule lenye mistari, akaniwekea na kalamu. "Andika," akasema. Niandike nini? "Kila kitu kiko ndani." Akafungua mashine mbele yangu, akawa anagusa kimoja kimoja: ram mbili, betri moja, diski moja, skrubu kumi. Nikaandika. Akatia sahihi, akanigeuzia nami nitie. Ndipo akafanya kazi, na alipomaliza tulihesabu tena kutoka mwanzo.

Anafanya hivyo kila ninapokwenda. Nimekaa pale nikaangalia wengine. Wanamtupia laptop mezani, wanaenda Toi kununua nguo, wanarudi baada ya masaa mawili na mifuko, wanachukua mashine bila hata kuifungua. Hakuna anayeandikishwa. Daftari lile lina jina langu peke yangu, kurasa tatu sasa.

Mwezi uliopita nilimwambia, "Hii ya kuandika si lazima tena. Mimi ninakuamini."

Alikuwa ameshika kifutio mkononi. Alisogeza daftari karibu yangu kwa kidole kimoja.

"Andika, madam," akasema.